Uzi: Turbo inapiga mluzi? Jua sauti inafuata nini kabla hujanunua turbo nyingine

#1 Spana19

Wadau, gari lenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa kwenye injini) likianza kupiga mluzi, makanika wengi hapa Nairobi hukimbilia kauli moja: "turbo imekufa." Mwenye gari anatumwa Kirinyaga Road kutafuta turbo ya ex-Japan, inafungwa, na mluzi unabaki pale pale. Mara nyingi kilichokuwa kinalia ni mpira uliopasuka au gasketi iliyoungua. Tuweke hapa utaratibu wa kutafuta chanzo, na kila mwenye ujuzi aongeze.

Watu huanza kwa kuuliza sauti ikoje. Anza kwa kuuliza sauti inafuata nini. Kuna mambo matatu inayoweza kufuata.

Kwanza, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) peke yake. Simamisha gari, weka P au N, kanyaga mafuta polepole mpaka 3,000. Ikiwa mluzi unapanda vilevile kama barabarani, tafuta kwenye mkanda, puli, tenshena, alteneta na pampu ya steringi. Gari lililosimama halina mzigo, kwa hiyo moshi unaotoka ni mchache na turbo haitengenezi presha ya maana.

Pili, mzigo. Gari limesimama ni kimya, lakini ukipanda mlima kwa gia ya tatu, kati ya 2,000 na 3,000, mluzi unajitokeza. Hapo washukiwa ni watatu: turbo yenyewe, hewa inayovuja baada ya turbo, au moshi unaovuja kabla ya kufika turbo.

Tatu, vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Mluzi ni mkubwa injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, unapotea ukikanyaga, kisha unarudi ukiachilia. Huyo ni mvujo kwenye manifoldi ya hewa, mpira wa vakyumu wa breki, au mfumo wa PCV (unaotoa mvuke ndani ya tumbo la injini). Hili ni la petroli zaidi, kwa sababu dizeli nyingi hazina vakyumu ya maana kwenye manifoldi.

Angalizo kwa wenye petroli: tundu lililo baada ya throto (mlango wa hewa ya injini) linaweza kulia mara mbili. Injini ikinguruma linavuta hewa ndani na kupiga mluzi. Ukikanyaga kiasi linanyamaza, maana presha ya ndani na ya nje zimelingana. Ukikanyaga sana presha ya turbo inapuliza nje na mluzi unarudi kwa sauti nyingine. Ukisikia mpangilio huo, umeshajua upande wa kutafuta hata kabla ya kufungua boneti.

#2 KayoleTiming

Umeeleza vizuri. Naongeza kipimo cha kuachilia mafuta. Panda mlima, turbo ikiwa imeshika, kisha ondoa mguu ghafla na usikilize kwa makini. Zima redio na feni ya AC.

Mluzi ukikatika papo hapo, ni hewa au moshi unaovuja, kwa sababu presha imeondoka. Ukiendelea kushuka taratibu kwa sekunde moja au mbili, "wiiiuuu", basi ni shafti inayozunguka ikipoteza mwendo, na hapo turbo ina kesi ya kujibu. Na ukisikia "tsu-tsu-tsu" unapoachilia, hewa inarudi nyuma kupitia feni ya turbo kwa sababu valvu ya kurudisha hewa (inayoachia presha ukitoa mguu) haifunguki. Valvu hizo nyingi zina utando wa mpira ndani, na utando ukichanika valvu pia inavujisha presha ukiwa umekanyaga.

#3 MpandaLimuru

Asanteni. Naomba mwongozo kwa gari hili: petroli 2.0, turbo moja, intakula (kipoza hewa ya turbo) iko juu ya injini, otomatiki. Mluzi unaanza kama 2,200 RPM likipanda kutoka Kikuyu kuelekea Limuru, na unakatika nikiachilia mafuta. Limesimama ni kimya. Nguvu imepungua kidogo. Hakuna moshi, hakuna taa ya injini. Fundi amevua mpira wa kuingiza hewa, akatikisa shafti, akasema inacheza na turbo ibadilishwe. Programu ya simu inaonyesha presha 8 psi, na nimeambiwa inatakiwa ipite 10.

#4 Shinikizo

Mkuu, tuanze na hiyo 8 psi, kwa sababu inapotosha watu wengi sana wa Nairobi.

Sensa ya MAP, ya presha ya manifoldi, inapima presha kamili, ikiwemo ya anga. Programu nyingi za simu zinachukua namba hiyo na kuipunguza kwa 14.7 psi, ambayo ni presha ya anga ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na presha ya anga hapa ni karibu 12 psi, yaani kama 82 hadi 84 kPa. Kwa hiyo programu inakuibia karibu 2.7 psi. Ikiwa inaonyesha 8, presha yako halisi juu ya anga ya hapa ni 10.7. Ukienda Mombasa na gari hilohilo, programu itasema ukweli.

Hakikisha mwenyewe. Washa ufunguo bila kuwasha injini, fungua skana, soma MAP. Nairobi unatakiwa kuona karibu 82 hadi 84 kPa, ukiwa Limuru 77 au 78. Ukiona 100 ukiwa Nairobi, sensa ina shida au skana inakudanganya. Kisha washa injini ipate moto: petroli nyingi zitasoma kati ya 30 na 40 kPa zikinguruma. Ikiwa inasoma 50 na kuna mluzi, hapo kuna mvujo wa vakyumu.

Jambo la pili linalohusu mwinuko. Kompyuta ya magari mengi inalenga presha kamili fulani kwenye manifoldi. Chukua mfano wa 200 kPa. Mombasa turbo inatakiwa kuzidisha hewa mara mbili. Nairobi, ikianza na 83, inatakiwa kuzidisha mara 2.4, na Limuru zaidi ya mara 2.5. Ili kufanya hivyo lazima izunguke kasi zaidi, na turbo inayozunguka kasi inalia kwa sauti nyembamba na ya juu. Sehemu ya mluzi unaosikika huku milimani ni kazi halali ya turbo. Mluzi laini, unaopanda na kushuka bila kukwaruza na bila kupoteza nguvu, si ugonjwa.

Lakini wewe nguvu imepungua, na mluzi ni mpya. Kwa hiyo kuna kitu. Tena, taa kutowaka hakukuondolei shaka. Mvujo ukiwa mdogo, kompyuta inafunga westigeti (valvu inayopitisha moshi pembeni ya turbo) zaidi ili turbo izunguke kwa kasi na kufidia hewa inayopotea. Presha inafika, kodi ya hitilafu P0299 (presha pungufu) haitokei, lakini turbo inafanya kazi ya ziada muda wote. Ukiwa na skana inayosoma asilimia ya solenoidi ya westigeti, ifuatilie ukipanda. Ikiwa inakaa juu kabisa huku presha ikifika kwa shida, tafuta mvujo.

#5 Nati_na_Bolti

Kuhusu shafti "kucheza". Turbo nyingi za magari haya hazina beringi za gololi. Shafti inaelea juu ya utando wa oili ndani ya bushi. Injini ikiwa imezimwa, oili imeshuka, kwa hiyo mchezo kidogo wa kushoto-kulia au juu-chini ni wa kawaida kabisa. Fundi aliyezoea beringi za magurudumu atakwambia imekufa.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni hivi. Sukuma na vuta shafti kwa urefu, ndani-nje. Hapo hutakiwi kuhisi chochote kwa vidole. Kiwango cha turbo nyingi ni chini ya milimita 0.1, na kinapimwa kwa saa ya kupimia, si kwa kukisia. Ukihisi "tak-tak" ya ndani-nje, bushi ya kuzuia msukumo imeliwa, na turbo hiyo ni ya kufunguliwa.

Pili, sukuma shafti upande mmoja huku ukizungusha kwa kidole. Ncha za feni hazitakiwi kugusa ganda hata kidogo. Mulika kwa tochi: ganda likiwa na mkwaruzo unaong'aa, feni imekuwa ikigusa. Angalia pia makali ya mbele ya feni. Yakiwa yametafunwa au yamezungushwa kama yalipigwa msasa, vumbi limepita kwa muda mrefu. Wale wanaopita barabara za marami kila siku huku boksi la filta halijafungwa klipu zote, hivyo ndivyo feni zao zinavyomalizika, na feni iliyolika kwa upande mmoja inapoteza mizani na kulia.

Oili kidogo kwenye mpira wa kuingiza hewa si hukumu. Mvuke wa injini unapita hapo kupitia PCV. Oili iliyotuama kwenye intakula ni jambo lingine.

#6 MpandaLimuru

Ndani-nje haichezi kabisa. Kushoto-kulia kidogo, haigusi ganda. Feni ni safi.

#7 Spana19

Basi turbo iache hapo ilipo. Mluzi wa mzigo, unaokatika papo hapo ukiachilia, feni nzima: fanya kipimo cha presha. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa kuliko vyote, na vifaa vyake vinapatikana duka lolote la hadweya.

Nunua kofia ya bomba la PVC inayoingia kwenye mpira wa kuingiza hewa wa turbo. Pima kipenyo cha mpira wako kwanza. Vingi viko kati ya milimita 60 na 80. Toboa kofia katikati, mwombe fundi wa pancha akupe valvu ya gurudumu la tubelesi, ivute mpaka ikae. Hapo una kizibo chenye mdomo wa kujazia upepo. Unahitaji pia kompresa yenye kirekebisha presha na geji inayosomeka, klampu mbili, na chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni ya vyombo, povu jingi.

Injini iwe imezimwa na imepoa. Vua bomba la hewa baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), ili MAF isiingie kwenye kipimo. Funga kizibo mdomoni mwa turbo na uikaze klampu. Mpira wa PCV unaorudi kwenye bomba la hewa uzibe, la sivyo utajaza upepo kwenye tumbo la injini na kusukuma oili sili. Hili watu husahau, halafu wanalaumu kipimo kwa oili inayovuja. Acha kifuniko cha oili kikiwa kimelegezwa kama tahadhari.

Anza na 5 psi. Sikiliza. Nyunyiza sabuni kila kiungo: mpira wa turbo kwenda intakula, pembeni za intakula panapokutana plastiki na alumini, mpira wa intakula kwenda throto, valvu ya kurudisha hewa, gasketi ya throto, gasketi za manifoldi, sili za injekta, mipira midogo ya vakyumu. Usiposikia kitu ongeza mpaka 10, kisha 12. Usipite presha ambayo gari lako hutengeneza barabarani. Usisimame mbele ya kizibo, na vaa miwani. Kizibo kikichomoka kwa 12 psi kinaumiza.

Upepo kidogo utavuja tu, kwa sababu daima kuna silinda ambayo valvu zake ziko wazi, na utasikia "sss" kwenye ekzosi. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya krankshafti, robo mzunguko hivi, mpaka sauti hiyo ipungue. Unachotafuta ni povu linalovimba.

Mpira wa chini ya intakula ubonye kwa mkono wakati presha iko ndani. Nyufa nyingi zinajificha upande usioonekana na hufunguka tu mpira ukivimba.

#8 RongaiRev

Njia rahisi zaidi: washa injini, nyunyiza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kwenye mipira. RPM ikibadilika hapo ndipo panapovuja.

#9 Nati_na_Bolti

Hapana, tafadhali. Kwanza njia hiyo inagundua mvujo wa vakyumu pekee, yaani hewa inayoingia. Mluzi wa mzigo ni hewa inayotoka, kwa hiyo utanyunyiza kopo zima bila kuona kitu. Pili, unanyunyiza kimiminika kinachowaka karibu na turbo ambayo ganda lake la moshi linaweza kuwa na joto la mamia ya nyuzi. Magari yameshika moto hivyo. Kwa vakyumu tumia maji ya sabuni au mashine ya moshi. Mashine ya moshi inatumia presha ndogo sana, chini ya 1 psi, na ni nzuri kwa manifoldi na PCV, ila ufa unaofunguka kwa 10 psi unaweza kuukosa. Kila kifaa na kazi yake.

#10 DizeliTupu

Wenye Hilux, Prado, D-Max na CX-5 za dizeli msijione mmeachwa. Kwenye dizeli rangi ya moshi inasema mengi kuliko mluzi.

Mluzi wa "fssss" ukipanda, pamoja na moshi mweusi na nguvu iliyopungua: hewa inavuja kati ya turbo na manifoldi. Mafuta yanamwagwa kwa kipimo cha hewa ambayo haifiki. Mara nyingi mpira umelowa oili, umelainika, umeteleza kutoka kwenye ukingo wa bomba. Mluzi na moshi wa buluu: oili inapita sili za turbo, au bomba la kurudisha oili limeziba. Moshi mweusi bila mluzi: angalia mabawa ya turbo yanayojirekebisha, yanaweza kuwa yamegandishwa na masizi. Hayo hayapigi mluzi yakiganda, yanakunyima nguvu tu, au yanaleta kodi ya P0234 presha ikizidi.

Kuna sauti nyingine ya dizeli inayochanganywa na mluzi: "chuf-chuf-chuf" inayofuata RPM, pamoja na harufu ya moshi chini ya boneti. Hiyo ni washa ya shaba ya injekta iliyoacha kuziba, na injini za dizeli za Toyota 1KD zinajulikana kwa hilo. Usiiache. Masizi ya hapo hugeuka lami ngumu kuzunguka injekta, na kwenye injini hizo baadhi ya vipande huishia kuziba kichujio cha kuvuta oili. Ukikosa oili, turbo na beringi za injini zinakwenda pamoja.

Intakula iliyo mbele ya radieta huvuja pale plastiki ilipobanwa na alumini. Ivue, ziba upande mmoja, ingiza 15 psi upande wa pili, izamishe kwenye pipa la maji. Mapovu hayadanganyi.

#11 KayoleTiming

Moshi unaovuja kabla ya turbo haujatajwa vya kutosha, na ndio unaoiga sauti ya turbo kuliko kitu kingine. Gasketi ya manifoldi ya moshi, ufa kwenye manifoldi yenyewe, stadi (bolti ya manifoldi) iliyokatika, gasketi ya turbo, na kwenye Subaru za EJ lile bomba linalopandisha moshi kutoka chini mpaka turbo.

Dalili: asubuhi injini ikiwa baridi unasikia "tik-tik-tik", inapungua chuma kikipata joto na kupanuka. Ukiweka mzigo inageuka "fiiii" kali. Turbo inachelewa kushika, maana moshi ulipaswa kuizungusha na umepotelea njiani.

Vua kinga ya joto uangalie masizi. Panapovuja moshi pana mstari mweusi au wa kijivu uliotawanyika kama miale. Usipoona, zima injini, ipoe, kisha puliza hewa kwenye bomba la nyuma kwa vakyum klina iliyogeuzwa kupuliza, nyunyiza sabuni kwenye viungo. Baadhi ya watu huziba bomba la nyuma kwa kitambaa injini ikinguruma ili kusikia. Ukifanya hivyo iwe sekunde chache, nje kwenye hewa, na mkono wenye glavu nene.

Moshi huo unaweza kuvutwa ndani ya gari kupitia feni ya hewa. Kaboni monoksidi haina harufu. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma kwenye foleni ya Mombasa Road na gari lina mluzi wa aina hii, shughulikia siku hiyohiyo.

#12 Shinikizo

Kwa wenye VW na Audi, mawili ya haraka.

Injini za EA888, zile za 1.8 na 2.0 TSI: mluzi mkali au mlio wa kuomboleza injini ikinguruma. Vuta dipstiki au legeza kifuniko cha oili. Sauti ikikatika mara moja, utando wa valvu ya PCV umechanika. Vakyumu yote ya manifoldi inavuta tumbo la injini, na hewa inapenya kwa nguvu kwenye oili sili ya nyuma ya krankshafti, ndiyo inayolia. Kifuniko cha oili kitakuwa kigumu kufunguka. Kodi ya P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta) huja nayo mara kwa mara. Ukizembea, sili ya nyuma inaharibika, na hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi kwa sababu ya valvu ambayo ingebadilishwa kwa muda mfupi.

Huna dipstiki inayofikika? Vua kifuniko cha oili uvalishe mdomo huo glavu ya mpira. Kuvutwa taratibu ndani ni sawa. Kunyonywa kwa nguvu, PCV imechanika. Ikijaa upepo na kusimama, gesi za silinda zinapita pete za pistoni au PCV imeziba.

Ya pili: 1.4 TSI zenye kompresa ya mkanda pamoja na turbo. Kompresa hiyo inaunganishwa na klachi ya sumaku iliyo kwenye puli ya pampu ya maji, na inasaidia mpaka kama 3,500 RPM. Mlio wake mwembamba ukianza na kukatika ghafla ni kawaida. Mkwaruzo wakati inapounganishwa si kawaida, angalia klachi.

#13 MpandaLimuru

Kipimo kimefanyika. Kwa 5 psi kimya. Kwa 10 povu lilivimba chini ya mpira kati ya turbo na intakula, upande unaotazama turbo. Ufa wa kama sentimita mbili, hauonekani mpaka uubonye. Naweza kuuzungushia tepu na klampu kwa muda?

#14 Spana19

Usifanye hivyo. Mpira ukiwa umepasuka upande wa turbo ni joto ndilo lililoupika, na tepu hapo haikai. Ufa ukifunguka wote ukiwa unapita lori kwenye mteremko wa Mai Mahiu, nguvu inakatika ghafla katikati ya kupita. Gari litembee polepole bila kukanyaga sana mpaka mpira upatikane.

Ukinunua, chukua wa orijino au wa silikoni wa tabaka nne au zaidi, wenye kipenyo kilekile kila upande. Silikoni ya kawaida haipendi oili, inalainika na kutoa jasho, kwa hiyo hewa yako ikiwa na oili tafuta ya tabaka la ndani la kukinza oili. Kabla ya kufunga, futa midomo ya mabomba kwa breki klina, iache ikauke. Mpira ukivaa mdomo wenye oili utateleza. Klampu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa bomba, si juu yake. Zile klampu nyembamba zenye matundu zinakata silikoni. Tumia za mkanda mzima.

Ukishafunga, rudia kipimo kwa 12 psi. Ufa mkubwa huficha mdogo.

#15 RongaiRev

Sawa. Na ikithibitika turbo yenyewe ndiyo mbovu? Naona watu wanafunga nyingine na inakufa ndani ya miezi.

#16 Nati_na_Bolti

Kwa sababu wanabadilisha kilichokufa na kuacha kilichoua. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine hadi 200,000. Oili ikikosekana sekunde chache, bushi zimekwisha.

Bomba la kuleta oili libadilishe, usilisafishe. Ndani kuna kaboni iliyoganda ambayo huioni. Kwenye Subaru nyingi za EJ zenye turbo kuna kichujio kidogo ndani ya bolti inayoleta oili. Kikiziba turbo inakauka huku taa ya oili ikiwa haijawaka. Bomba la kurudisha oili lipite likishuka moja kwa moja, bila kukunjika. Usipake gasketi ya maji (ile silikoni ya tyubu) kwenye viungo vya oili ya turbo. Kipande kidogo kikichanika kinaenda kuziba tundu la oili. Tumia gasketi ya chuma au karatasi ya orijino.

Vua intakula uimwage oili na vipande vya chuma. Kwenye dizeli, oili iliyobaki humo inaweza kuvutwa na injini ikajiendesha yenyewe bila kuzimika. Badilisha oili ya injini na filta siku hiyohiyo. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo na uzungushe feni kwa kidole. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta au plagi ya sensa ya krank, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Kisha washa, iache ingurume dakika tatu hadi tano bila kukanyaga.

Ukinunua iliyotengenezwa upya, muulize muuzaji kama katriji (kiini cha turbo chenye shafti na feni) imesawazishwa kwenye mashine na akupe karatasi ya kipimo. Katriji isiyosawazishwa inalia king'ora tangu siku ya kwanza.

#17 Shinikizo

Hilo la king'ora linaweza kupimwa kwa simu. Kuna programu za bure zinazochora masafa ya sauti. Shafti ikizunguka 120,000 kwa dakika ni mara 2,000 kwa sekunde, yaani 2 kHz. Turbo isiyo na mizani inaonyesha mstari mmoja mwembamba kati ya 1 na 3 kHz, unaopanda na presha na kushuka polepole ukiachilia. Hewa inayovuja mara nyingi inaonyesha wingu pana. Mwenzako ashike simu, wewe endesha.

#18 MpandaLimuru

Nimeelewa. La mwisho: makanika amependekeza filta ya wazi badala ya boksi la kiwandani ili injini "ipumue".

#19 DizeliTupu

Boksi la kiwandani limeundwa pia kumeza sauti ya feni. Ukilitoa, mluzi utaongezeka hata kama kila kitu ni kizima, na siku mpira ukipasuka tena itakuwa vigumu kuusikia. Isitoshe filta ya wazi inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti na inapitisha vumbi zaidi. Acha boksi, weka filta mpya ya karatasi, hakikisha klipu zote zimebana na ukingo wa mpira wa filta haujajikunja. Mpira ukifika na ukaufunga, tuletee namba za MAP ukipanda pale Kikuyu, RPM 3,000, gia ya tatu, presha kamili kwa kPa, si psi za programu.